Alhamisi za Bi Zell

Ozella Crutcher alikuja ukumbini kwetu kila Jumanne saa nne asubuhi, na kwa muda mrefu sikumwona akizungumza na mtu isipokuwa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa kaunta, nakodisha viatu vya magurudumu. Yeye hakuwa wa kukodi. Alikuwa na vyake, vya ngozi nyeusi, akivibeba kwenye mkoba wa zamani wa posta. Asubuhi ya Jumanne ni ya wazee, na upande huu wa mashariki wa Detroit wazee hawaachi kuteleza ati kwa sababu magoti yamegoma. Wanayapaka dawa magoti, wanavaa viatu, wanaingia uwanjani.

Bi Zell, kama tulivyomwita, alikuwa na miaka sitini na saba wakati huo. Mrefu, mkavu, kofia ya kepu kichwani, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unakata. Aliteleza kinyumenyume mikono mfukoni, bila kugeuka kutazama, na hakumgusa mtu. Lakini mwenye muziki alipotangaza zamu ya wawili wawili, alitoka. Alikuja kaunta kwangu, akainama, akafungua kamba za viatu, akazifunga tena, polepole, mpaka zamu iishe.

"Hizo kamba zitakatika, Bi Zell," nilimwambia siku moja.

"Shughulika na viatu vyako, Nadine."

Nilijua kwamba ni mwenzetu. Hakuwa amesema, lakini sisi wanawake tunaopenda wanawake tunatambuana, hata kwa namna mtu anavyovaa kofia. Mwaka uliotangulia mimi na mke wangu tulikuwa tumefunga ndoa mahakamani, nikamwonyesha picha. Alizitazama moja moja, akazipanga, akanirudishia.

"Mmependeza," akasema. Halafu, kama mtu anayejibu swali ambalo hakuulizwa: "Sisi tulikuwa mabinamu."

Sikumwelewa. Ilinichukua Jumanne nyingi kumwelewa, maana alinisimulia kipande kwa kipande, ameinamia kamba zake, na zamu ikiisha hukatiza maneno katikati na kurudi uwanjani.

Wazazi wake walimleta kutoka Alabama akiwa na miaka sita, baba akitafuta kazi ya kuyeyusha chuma. Yeye akaingia posta akiwa na ishirini na tatu, akagawa barua kwa miguu miaka thelathini na mmoja. Alikutana na Vernita Hardiman mwaka wa sabini na nne kwenye sherehe ya wanawake, Jumapili alasiri, katika chumba cha chini cha nyumba ya mtu, mapazia yamefungwa. Vernita alikuwa mpishi wa shule, mfupi, mwenye mwanya na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Alimfuata Zell pale alipokuwa ameegemea.

"Wewe mrefu," akamwambia, "unacheza, au umekuja kushikilia ukuta usianguke?"

Wakaishi pamoja miaka arobaini. Kwa majirani, kwa kanisa, kwa kila aliyeuliza, walikuwa mabinamu. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, na kile cha pili kilikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri ambacho hakikulaliwa na kitu ila makoti ya wageni.

Marafiki zao wakubwa walikuwa Thurman Gaddis na Raynard Tolliver, wanaume wawili waliokaa mtaa wa nyuma. Thurman alikuwa fundi wa suti. Raynard alipiga kinanda kanisani. Wale wanne walisitiriana. Posta ikiwa na karamu, Zell alikwenda na Thurman kama mchumba wake. Ndugu za Vernita wakija mjini, Raynard ndiye aliyekaa kando yake mezani. "Walimngoja Raynard alete posa miaka kumi na tano," Bi Zell aliniambia. "Mama yake Vernita alikufa akimlaumu."

Mwaka wa sabini na nane msimamizi wa uwanja aliwapulizia filimbi. Ilikuwa zamu ya wawili wawili, Jumapili mchana, ukumbi umefurika, na Zell na Vernita walikuwa wameshikana mikono tu.

"Mwanamume na mwanamke!" msimamizi akapaza sauti. "Wengine nje!"

Wakatoka mbele ya watu wote. Vernita alilia ndani ya gari. Raynard, aliyekuwa kiti cha nyuma, akamgusa bega. "Nyamaza, dada. Jumapili ijayo tutampa mwanamume na mwanamke mpaka ashibe."

Jumapili iliyofuata wakaingia wanne. Thurman amemshika Zell, Raynard amemshika Vernita, wakampita msimamizi wakitabasamu kama maharusi. Upande wa mbali wa uwanja taa zilikuwa zimeungua, na kutoka alipokaa msimamizi hapakuonekana vizuri. Walipoingia kwenye kile kiza wakaachiana mikono, wakabadilishana bila kupunguza mwendo. Zell akawa na Vernita wake, Thurman akawa na Raynard wake. Wakikaribia mwangaza wanabadilishana tena, wanampita mwenye filimbi kwa adabu zote. Watu waliokaa upande wa mbali wakaanza kuona. Kufikia mzunguko wa nne walikuwa wakipiga makofi na kuwahesabia hatua, na msimamizi akadhani wanaupenda muziki.

"Sijawahi kucheka vile, tangu nizaliwe," Bi Zell alisema. "Na Thurman ananinong'oneza, 'Mke wangu, usinitie aibu mbele za watu.'"

Siku aliponisimulia hayo alikuwa anacheka. Kisha akafunga kamba zake, na Jumanne tatu zikapita kabla hajaniambia yaliyofuata.

Mwaka wa themanini na nane Raynard alianza kukonda. Ilianza uso, ikaja mikono, ile mikono ya kinanda. Kanisa lilimwambia apumzike, na halikumwambia mpaka lini. Ulikuwa Ukimwi, na wakati ule watu waliogopa hata hewa ya chumba. Zell na Vernita walikwenda kumwona kila Jumamosi. Vernita alikula kwenye sahani zao, akamwosha Raynard miguu. Zell alibeba kikombe chake mwenyewe ndani ya mkoba wa posta, cha plastiki, cha bluu. Thurman akileta kahawa, Zell anatoa kikombe, anasema daktari amemwambia apime anachokunywa.

"Nilidhani hawajaona," aliniambia. "Niliogopa, Nadine. Sina la kujitetea. Niliogopa tu."

Raynard alifariki Februari ya mwaka wa tisini. Mazishi yakapangwa Jumamosi, kwenye chumba kidogo cha kampuni ya mazishi, kwa kuwa kanisa lilikataa. Asubuhi hiyo Zell alimwambia Vernita kwamba ameitwa kazini. Hakuwa ameitwa. Alikwenda posta akaomba zamu ya mwenzake, akagawa barua kwenye theluji mpaka jioni, mtaa ambao hata haukuwa wake. Vernita alikwenda kuzika peke yake. Thurman alimkumbatia, na hakumwuliza Zell yuko wapi. Tangu siku hiyo hakupokea simu ya Zell tena. Baadaye akahama, na Zell hakumtafuta, kwa aibu.

Vernita akafa mwaka elfu mbili na kumi na nne, kwa ugonjwa wa figo. Dada yake, Claudette, akaja kutoka Alabama kuchukua maiti yake. Alikuwa mpole, na hilo ndilo lililomuuma Bi Zell zaidi. "Asante kwa kumkalisha dada yangu miaka yote hii," alimwambia, kana kwamba Vernita alikuwa mpangaji. Zell alisafiri siku nzima kwenda mazishini, akakalishwa safu ya nane. Kijitabu cha mazishi kilisema marehemu ameacha dada, wapwa, na marafiki wengi.

"Wengi," Bi Zell alisema. "Nami nilikuwa mmoja wao."

Akarudi nyumbani. Nguo za Vernita zilikuwa kabatini, na hakuna aliyekuja kuulizia, wala nguo, wala yeye. Alianza kula amesimama, kando ya sinki, kwa sababu akikaa mezani kiti cha pili kilimtazama. Alijaribu kanisa, akaulizwa kama amepata nafuu tangu binamu yake afariki, akaacha kwenda. Kuna wiki, aliniambia, aliisikia sauti yake mwenyewe Jumanne tu, pale kaunta kwangu.

Basi mambo yangekaa hivyo, kama si shangazi yangu.

Shangazi Odom, dada yake baba, alikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mimi nilimtembelea kila Alhamisi mchana. Alikuwa akicheza karata na wenzake watatu, wawili wawili, kwa vita vya kweli. Siku moja akanieleza kuhusu mwenzi wake mpya wa karata, mzee anayevaa tai hata kwenye uji wa asubuhi. Kina Thurman ni wengi Detroit, na huyu alikuwa na mke, kwa hiyo sikuunganisha lolote; nikaona hicho ni kichekesho, Jumanne nikamsimulia Bi Zell.

"Shangazi yangu amepata mchumba. Thurman fulani. Mjane, mkewe alikufa mwaka wa tisini. Eti Rena. Alikuwa mpiga kinanda, anasema, mwenye vidole virefu kuliko mwanamke yeyote hapa Detroit."

Bi Zell aliacha kamba zake.

"Rena?"

"Ndiyo, Rena. Kwani unamjua?"

Akakaa chini pale pale sakafuni, viatu miguuni. "Amerudi kujificha," akasema. "Bwana wee. Baada ya yote yale, mzee wa watu amerudi kujificha."

Alhamisi hiyo nilimpeleka. Tukawakuta mezani: Shangazi Odom, mama mmoja mnene aitwaye Bi Whitlow, mzee mmoja aliyekuwa akisinzia, na mwanamume mdogo wa kimo mwenye tai ya kijani. Aliinua macho. Alimtazama Bi Zell kwa muda mrefu, karata zimemganda mkononi.

"Huyu," akawaambia wenzake, "ni shemeji yangu. Alipotea kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" akauliza Shangazi.

"Miaka ishirini na sita."

Akasimama kwa mkongojo, wakaenda dirishani mwisho wa ukumbi. Niliyasikia maneno yao kwa sababu Mzee Thurman alikuwa na uziwi kidogo, na hivyo wote wawili walipaza sauti.

"Umekuja na kikombe chako?" akauliza.

"Kumbe uliona," Bi Zell akasema.

"Raynard ndiye aliyeona. Akaniambia, 'Usimseme, Thurman. Anaogopa.' Mtu anakufa, Zell, na anakutetea wewe."

"Nisamehe."

"Aliyekosewa na kikombe hayupo. Mimi nina langu. Ile Jumamosi niliutazama mlango mpaka wakafunga jeneza."

"Nilikuwa nagawa barua."

"Najua. Vernita aliniambia. Kwenye theluji ile. Barua za nani?"

"Sikumbuki hata moja."

Mzee Thurman aligeukia dirisha. Nje palikuwa na magari tu. "Vernita hajambo?" akauliza.

Hakuwa amepata habari. Bi Zell alimwambia yote, figo na mazishi ya Alabama. Yule mzee akaweka mkongojo kando, akajishika kwenye kizingiti cha dirisha.

"Wewe walikukalisha wapi?"

"Safu ya nane."

"Safu ya nane," akarudia. Kisha akamshika mkono, na wakasimama vile mpaka Shangazi akapiga meza kwa kiganja akidai mchezaji wake.

Wakati wa kuondoka Mzee Thurman alimwita kutoka mezani. "Njoo Alhamisi ijayo. Leta kambare wa kukaanga. Na usimkaushe, wewe hukujaliwa kupika, jikoni alikuwa Vernita."

Akaenda. Akaenda kila Alhamisi, mvua na theluji. Kambare alikauka, akatukanwa, wiki iliyofuata akakauka kidogo chini ya hapo. Waligombana kuhusu nani alianguka uwanjani mwaka gani na kama suti aliyomshonea mwaka wa themanini ilikuwa ya kijivu au ya samawati. Sikuwahi kumsikia Mzee Thurman akimwambia amemsamehe. Kuna siku alikuwa mchungu, akamwambia akae mbali, na Bi Zell alikaa kwenye kiti cha korido saa nzima, kisha akarudi nyumbani na samaki wake.

Mwezi wa sita, siku ambayo Raynard angetimiza miaka sabini, Bi Zell alileta pai ya viazi vitamu na picha moja. Ilipigwa nje ya ukumbi zamani zile: wanne, viatu vya magurudumu miguuni, wamekunja nyuso kwa jua. Alitaka kumpa faraghani, lakini Bi Whitlow aliidaka mezani.

"Haya, leo tumwone Rena!" Akavaa miwani, akaweka kidole juu ya Vernita. "Ni huyu mwenye mwanya, sivyo? Mzuri, jamani."

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mzee Thurman alimtazama Bi Zell, na Bi Zell hakumsaidia wala hakumzuia. Alitazama mikono yake mwenyewe. Angeitikia, Vernita angekuwa mke wa mtu mwingine tena, na safari hii kwa kinywa cha rafiki.

"Hapana," Mzee Thurman akasema. "Huyo ni mke wa huyu hapa." Akamwonyesha Bi Zell. "Rena wangu ni huyu mwenye masharubu. Jina lake Raynard."

Yule mzee wa kusinzia akaamka. Bi Whitlow aliiweka picha chini taratibu, akaweka na karata zake, akachukua mkoba. "Mimi nimelelewa kanisani," akasema, akaondoka.

Shangazi Odom aliivuta picha karibu. Nilimkazia macho, maana huyu ndiye shangazi ambaye hakuja kwenye ndoa yangu.

"Masharubu mazuri," akasema hatimaye. "Sasa tumebaki watatu na pai bado nzima. Zell, unajua kucheza, au unajua kukausha samaki tu?"

Bi Zell akakaa kwenye kiti cha Bi Whitlow.

Sitaki kudanganya kwamba nyumba ile ilipiga vigelegele. Mtumishi mmoja aliacha kumsalimu Mzee Thurman. Mtu akamsukumia karatasi yenye mistari ya Biblia chini ya mlango; akaisoma, akaona mistari miwili imenukuliwa vibaya, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu na kuibandika mlangoni. Lakini alikuwa ameogopa. Wiki mbili alikula chumbani, na Bi Zell, ambaye zamani alikuja Alhamisi tu, alikuja kila siku akala naye, sahani moja, mkate wa mahindi wanaukata kwa mkono. Wiki ya tatu Mzee Thurman akaomba afungiwe tai ya manjano. Wakaingia wote wawili chumba cha kulia wakati watu wamejaa, mkono kwenye mkono.

"Mke wangu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "usinitie aibu mbele za watu."

Bi Zell alicheka mpaka akashika meza. Watu kadhaa wakacheka naye bila kujua kinachochekwa. Ile ndiyo miaka yao mizuri, miwili na nusu.

Januari ya mwaka elfu mbili na kumi na tisa mapafu yakamzidi Mzee Thurman. Bi Zell alikuwa naye, asubuhi, wakisikiliza matangazo ya hali ya hewa. Aliniambia maneno yake ya mwisho hayakuwa maneno. Alimwonyesha kwa kidole kwamba kola ya pajama imekunjamana, naye Bi Zell akairekebisha.

Mazishi aliyapanga Bi Zell. Aliandika kijitabu kwa mkono, akakileta ukumbini nimpigie chapa, na kiliandikwa kwamba Thurman Gaddis amemfuata mwenzi wake wa miaka kumi na minane, Raynard Tolliver. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mchungaji, ambaye hakuwajua, alimsogelea mlangoni akamwuliza yeye ni nani kwa marehemu.

"Shemeji," Bi Zell akajibu.

Akakalishwa safu ya mbele, yenye nafasi ya watu sita. Alikaa na Shangazi Odom, na nafasi nne zikabaki wazi kando yao mpaka mwisho.

Baadaye mimi na mke wangu tulimrudisha nyumbani kwa gari. Tulisema njoo ule kwetu, kaa hata wiki. Akatushukuru, akasema mabomba huganda asipokuwepo. Kabla ya kushuka nikamwuliza jambo lililokuwa likinisumbua, kama Mzee Thurman aliwahi kumwambia kwamba yamekwisha.

"Hakusema," akajibu. "Nami sikumwuliza tena. Tulikuwa na mengine ya kuzungumza."

Akaniomba nisiondoke mpaka awashe taa, maana ngazi zilikuwa na barafu na mchana wa Januari huisha mapema. Nilimwona akipanda, mkono kwenye reli, mkono mwingine na mfuko wenye tai za Thurman. Taa ya jikoni ikawaka. Alisimama katikati ya jikoni na koti lake mwilini, hakulivua, hakuketi. Nikangoja. Mke wangu akaniambia nishuke nimwendee, nikasema bado. Dakika nyingi zikapita. Kisha Bi Zell akavuta kiti kimoja, akaketi mezani, akaona bado tupo, akatupungia mkono kupitia dirishani twende zetu.